Nyumba ya Mlango Mmoja

Mvua ilikatika mchana, na wingu lililokuwa limeukalia mlima Loleza tangu asubuhi likaanza kupanda taratibu, kama mtu mzima anayeinuka kitini. Mji wa Mbeya ulinuka udongo na mikaratusi. Huko Majengo, katika ile nyumba ndefu ya matofali ambayo watu waliiita Nyumba ya Ushirika, Esta Kalinga alikuwa amesimama katikati ya sebule karibu tupu, mkono kiunoni, akijaribu kuonekana kama mnunuzi.

"Meza tuiweke hapa," alisema.

"Hapo ndipo mlango unapofungukia," Lutengano akamjibu.

"Basi pale."

"Pale utakaa wewe ukishona."

"Nani kakwambia najua kushona? Mimi mwalimu."

"Basi wewe utasahihisha madaftari, mimi nitashona."

Lutengano akacheka kile kicheko chake cha mafungu mafungu, kinachokatikia puani. Esta naye akacheka, kisha akaacha ghafla, maana Lutengano alikuwa anamtazama. Alikuwa na namna yake ya kumtazama, kijana yule fundi seremala, bila haraka, kama anavyoutazama ubao mzuri kabla hajauwekea randa. Esta akageuza uso akajifanya anakagua dari.

Hakikuwa kitu kikubwa cha kukagua. Sebule moja, chumba kimoja cha kulala, na mlango mmoja unaoelekea uani, ambako kulikuwa na bomba la maji na majiko ya wote. Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, chini ya paa moja la mabati, imegawanywa sehemu kwa sehemu, na kila sehemu ina mwenyewe. Watu wa kahawa kutoka milimani, makarani na mafundi, ndio walioijenga kwa kuchangishana. Sasa mjane mmoja, Mama Severina, alikuwa anauza sehemu yake ili arudi Iringa kwa binti yake.

Lakini ushirika hauuzi nyumba kama watu wanavyouza mahindi. Mnunuzi alipaswa kukubaliwa na wanachama wote wakiwa wamekaa uani. Tena alipaswa kuja na mzee wa ukoo wake, aiingie nyumba, aione kwa macho yake, kisha aseme mbele ya watu, "Huyu ni wetu, na nyumba hii inatufaa." Bila neno la mzee, hakuna nyumba. Na uani alikuwa amekwisha keti mfanyabiashara wa mchele kutoka Chimala, na mzee wake ubavuni, akisubiri kwa utulivu Lutengano ashindwe.

Bila nyumba, hakuna harusi. Lutengano alikuwa analala karakanani, na mchungaji alikuwa amesema wazi kwamba hatatangaza kanisani ndoa ya mtu anayelala juu ya benchi la kupigia randa. Na kule Kilolo, mjomba wake Esta alikuwa ameshasema lake wakati wa Pasaka: "Shule ya Iringa inataka mwalimu. Muhula ukiisha, rudi. Binti wa Kalinga hakai katika mji wa watu akingojea ahadi."

"Una hofu?" Lutengano aliuliza.

"Ya nini?"

"Ya mzee."

"Sina," Esta akasema, na huo ulikuwa uongo. Hofu alikuwa nayo, lakini ilikuwa hofu tamu. Baba yake, marehemu Kalinga, alifariki Esta akiwa bado anabebwa mgongoni. Hakuikumbuka sura yake, wala hakukuwa na picha. Katika utoto wake wote aliwaona wenzake wakipiga magoti mbele ya baba zao, na mkono mpana ukiwashukia kichwani. Kwao Uhehe, hata mkwe hupata mkono huo. Usiku ule alipomkubali Lutengano, pamoja na mambo mengine yote aliyoyafurahia, alifurahia na hili ambalo hakumwambia mtu: kwamba sasa atakuwa na baba wa kumtazama usoni.

Kwa wiki kadhaa alikuwa amejifunza salamu ya Kinyakyusa kutoka kwa Tusekile, jirani aliyekaa sehemu ya pili ya nyumba ile ile. Aliirudia akiwa anatembea kwenda shule. Aliirudia akifuta ubao.

Nje, sauti ikasema, "Mzee kafika!"

Lutengano alikuwa ameinama akipima ukuta kwa mkono. "Esta, ngoja kwanza," alisema, "kuna jambo nili..."

Lakini Esta alikuwa ameshatoka.

Mzee Yotamu, baba yake Lutengano, alikuwa anaingia uani, mrefu, mkavu, amevaa koti jeusi la kanisani na kushika mwavuli uliofungwa. Esta alivuka ua mbele ya wanachama wote. Akapiga magoti mawili kwenye matope, akanyoosha mikono yote miwili, akainua uso wake, akamtazama yule mzee machoni, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ugonile, baba!"

Mwanamke mmoja aliyekuwa kwenye bomba akaweka ndoo chini.

Mzee Yotamu alishtuka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Akainua upindo wa koti akaufunika uso wake, akageuka, akampa Esta mgongo. Kisha, bila neno hata moja, akaondoka kwa hatua ndefu, akapotelea nyuma ya majiko.

Esta alibaki pale, mikono ikiwa bado imenyooshwa. Kule kwenye viti, muuza mchele alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayeficha furaha. Esta akasimama. Hakujipangusa matope. Akarudi ndani akapita sebuleni moja kwa moja mpaka chumbani kwa Mama Severina, ambako kitanda kilikuwa kimeshafunguliwa na masanduku yamefungwa kamba, akakaa juu ya sanduku.

Lutengano akamfuata. "Esta, hujakosewa."

"Sijakosewa? Nampigia mtu magoti kwenye matope, ananionyesha mgongo mbele ya watu, halafu sijakosewa?"

"Ni heshima ile. Kwetu, baba na mke wa mwanawe hawatazamani. Hawakai chumba kimoja. Hata njiani, mwanamke akimwona baba mkwe anaacha njia, anajifunika. Ndivyo ilivyo tangu zamani."

"Heshima!" Esta alicheka kicheko kibaya. "Basi sijapata kuheshimiwa namna hii."

"Nakwambia kweli."

"Kama ni kweli, mbona hukuniambia?"

Lutengano akatazama mikono yake. Ilikuwa na makovu madogo madogo ya patasi. "Nilidhani mzee ameacha," alisema polepole. "Ni mzee wa kanisa. Nilidhani mambo hayo yamebaki kwa bibi zetu. Tena... nilikuwa naona haya. Wewe umesoma. Nikafikiri utatucheka."

"Ukaona afadhali nichekwe mimi."

"Esta."

"Hapana. Sikiliza, Lutengano. Nimelelewa katika nyumba za watu, kwa shangazi, kwa mjomba, bwenini. Mtu akinikataa namjua hata kabla hajafungua mdomo. Baba yako amenikataa. Na wewe, kwa kuwa una moyo mwema, unalitafutia jambo hili jina zuri."

"Kwa hiyo mimi ni mwongo?"

"Wewe ni mtoto mwema wa baba yako." Sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu huo ulimtisha Lutengano kuliko kelele. "Kanunue nyumba kama unaitaka. Mimi Jumatatu nitapanda basi la Iringa."

Kutoka uani, mwenyekiti wa ushirika alimwita Lutengano kwa jina. Kikao kilikuwa kinaanza. Lutengano alisimama kidogo pale mlangoni, akamtazama Esta kama mtu anayetaka kukariri kitu, kisha akatoka.

Hakupita muda Mama Severina akaingia, mwanamke mnene, mwenye rozari shingoni na sauti ya mtu aliyezoea kuita kuku. Alikaa kwenye sanduku la pili, likalalamika.

"Kamwene, binti yangu," alisema.

Kusikia salamu ya kwao kulimmaliza Esta. Machozi aliyokuwa ameyazuia yakaanza kutoka.

"Lia, lia," Mama Severina akasema. "Lakini lia kimya kimya. Wanazungumza nje hapo, nisikose neno. Nyumba bado ni yangu."

Ukuta ulikuwa mwembamba na mlango ulikuwa wazi. Kila neno la uani lilifika. Mzee alikuwa amekwisha rudi kutoka nyuma ya majiko, na sauti nzito ya mwenyekiti, Bwana Saulo, ilikuwa inamuuliza:

"Mzee Yotamu, kijana huyu ni wako?"

"Ni wangu." Ilikuwa mara ya kwanza Esta kuisikia sauti yake. Ilikuwa sauti ya chini, yenye mikwaruzo, isiyo na haraka.

"Unamdhamini?"

"Kijana namdhamini. Nyumba siidhamini."

Watu wakaguna. Bwana Saulo akasema, "Nyumba ina kosa gani, mzee? Matofali ya kuchoma, mabati mapya, bomba uani."

"Ina mlango mmoja."

"Chumba na sebule, mzee, unataka milango mingapi?"

"Mwenyekiti, usinifanye mtoto. Mimi nikija mjini nitafikia wapi? Kwa mwanangu. Nitakaa sebuleni. Mkwe wangu atakuwa chumbani. Akitaka maji, atapita wapi? Akitaka kupika, atapita wapi? Atapita mbele ya uso wangu? Nitamfungia mkwe wangu ndani kama ndama?"

Esta aliinua kichwa. "Amesema nini?" akanong'ona.

"Amesema mkwe wangu," Mama Severina akajibu. "Mara mbili. Nyamaza, huenda ya tatu inakuja."

Nje, mtu akacheka. Ilikuwa sauti ya yule wa Chimala. "Mimi sina mkwe, mwenyekiti. Mlango mmoja unanitosha."

"Ngoja zamu yako, ndugu," Bwana Saulo akasema. "Mzee, huyo mkwe ni yupi? Watu hapa wameona ulivyomkimbia yule mwalimu. Tukadhani humtaki."

Mzee Yotamu alipojibu, ilikuwa kama mtu anayewaeleza wageni jambo ambalo hata watoto wanalijua.

"Simtaki? Nyinyi ni watu wa wapi? Mwanamke nisiyemtaka ningemkimbia kwa nini? Ningempa mkono nikamuuliza habari za nyumbani, kama nilivyompa mkono huyu muuza mchele. Nimejifunika koti mbele yenu wote, na umri huu, nikakimbilia nyuma ya majiko kati ya kuku. Mnataka ushahidi gani tena?"

Watu waliangua kicheko, hata wanawake waliokuwa bombani. Ndani, Esta hakucheka. Alikuwa ameshika magoti yake yenye matope. Kwa hiyo ule mgongo ulikuwa jibu. Pale uani wanawake walikuwa wengi, na kila mmoja wao angeweza kumsalimia mzee yule na kuitikiwa. Ni yeye peke yake ambaye mzee alimkimbia.

"Kumbe alisema kweli," alinong'ona.

"Nani?"

"Lutengano."

"Hao wenye makovu mikononi hawajui kudanganya," Mama Severina akasema. "Mume wangu alikuwa hivyo hivyo. Fundi bomba."

Lakini nje mambo yalikuwa hayaendi vizuri. Lutengano alisema atatoboa mlango wa pili nyuma, kwa mikono yake, bila kumsumbua mtu. Bwana Saulo akakataa: paa ni moja, kuta ni za wote, na sheria ya ushirika haimruhusu mwanachama yeyote kutoboa. Mzee Yotamu akasema basi yeye ataondoka, maana hata kuiingia nyumba hiyo aione hawezi, mkwe wake yumo ndani na mlango wa kumpishia ndio huo huo aliokaa mbele yake.

"Unaweza kusogea kidogo, mzee, apite," mtu akasema.

"Leo nitasogea. Na kesho? Na usiku wa mvua? Nyumba siyo ya leo."

"Basi," Bwana Saulo akasema kwa huzuni, "kama mzee haingii, sheria ni sheria. Ndugu wa Chimala, leta mzee wako."

Kiti kikasogezwa uani. Esta alikisikia kama anavyosikia kengele ya mwisho wa kipindi. Alijua kwamba sasa hakuna mtu mwingine wa kufanya lolote. Mzee amesema ukweli wake, mwenyekiti amesema ukweli wake, na la Lutengano limekwisha kataliwa. Angeweza kukaa pale juu ya sanduku, na Jumatatu ikafika, na hakuna ambaye angemlaumu. Mwanamke aliyesoma, wangesema, angewezaje kuishi kwa mila za namna hiyo? Naye alijiuliza swali hilo kwa uaminifu. Alitaka baba wa kumtazama usoni. Amepewa baba ambaye hatauona uso wake kamwe. Je, atayaweza? Hakuwa na hakika. Alikuwa na hakika ya jambo moja tu: kwamba maishani mwake watu wengi walikuwa wamemtazama, na hakuna hata mmoja aliyewahi kujali atapita wapi.

Akasimama.

"Mama Severina, dirisha hili linafunguka?"

"Linafunguka. Unataka hewa?"

"Nataka kupita."

"Yesu na Maria!" Mama Severina akasema. Kisha akaliangalia dirisha, akamwangalia Esta, na uso wake mpana ukaanza kutetemeka kwa kicheko. "Vua viatu kwanza. Mimi siwezi kupita huko, lakini naweza kukusukuma."

Mbao za dirisha zilifunguka kwa kishindo. Esta alipandisha gauni lake la kazi mpaka magotini, akaweka mguu juu ya sanduku, akapitisha mguu mmoja, akakwama, akasukumwa bila huruma, akaangukia nje katika bustani ya maharage.

"Yoo! Mwalimu!" Alikuwa Tusekile, aliyekuwa akipalilia, jembe mkononi. "Maharage yangu!"

"Nisamehe, dada. Nampisha baba."

Tusekile akakodoa macho. Halafu akaelewa, akalitupa jembe chini na kujishika mbavu. "Msomi katoka dirishani! Uwiii! Haya simama, shika hapa, gauni limechanika. Mzee akija mjini utalala kwangu, umesikia? Usije ukanimalizia mboga."

Ndani, Mama Severina alikuwa ameshafika mlangoni. Sauti yake ilipasua ua.

"Mwenyekiti! Usimwite mtu wa Chimala bado. Mzee Yotamu aingie aione nyumba. Ndani hamna mtu."

"Mwalimu yuko wapi?"

"Katoka."

"Katokea wapi? Sisi tumekaa mlangoni."

"Mzee akiingia atapaona mwenyewe."

Esta alijibanza ukutani, pembeni mwa dirisha, asionekane. Alisikia viatu vizito vikivuka kizingiti, vikipita sebuleni, vikisimama chumbani. Wakati huo huo Lutengano akatokea kwenye kona ya nyumba, anahema, akamkuta amesimama pekupeku katika maharage, majani kwenye nywele na upindo wa gauni ukining'inia.

"Esta," alisema. Akaja karibu. "Nisamehe. Nilipaswa kukwambia mapema. Sitakuficha tena kitu, hata..."

"Nyamaza," Esta akanong'ona, akamshika mkono. "Namsikiliza baba."

Ndani, mzee alikagua chumba polepole. Alikuwa ameliona dirisha lililo wazi, na sanduku chini yake, na alama ya goti lenye matope kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Alipozungumza, hakuwa anazungumza na mtu.

"Wewe ukuta," alisema Mzee Yotamu. "Nasema na wewe tu, sisemi na mwanadamu. Ukimwona aliyepita hapa, mwambie salamu yake niliisikia. Kinyakyusa chake kibovu. Lakini kilitoka mbali, nami nimekipokea. Mwambie sikuzaa binti, wanangu ni wanaume watupu, wanakula na kuondoka. Mwambie kwamba nikifika hapa nitagonga mwavuli barabarani kabla sijaingia, apate nafasi ya kutoka kwa mlango kama watu. Dirisha ni la mara moja. Asije akavunjika mguu kwa ajili yangu." Akakohoa. "Mwenyekiti! Nyumba inatufaa."

Uani kukazuka vigelegele. Lutengano alifumba macho, na Esta akauona uso wake wote ukitulia, kama mtu aliyetua mzigo. Lakini yeye alikuwa bado na neno. Akaegemeza paji la uso wake kwenye tofali lenye ubaridi.

"Wewe ukuta," alisema, "mwambie baba, ndaga fijo, namshukuru sana. Mwambie hicho Kinyakyusa nitajifunza. Na maharage niliyoyalalia ni ya Tusekile, naye anataka kulipwa na ukoo."

Tusekile akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha, upande wa pili wa ukuta, mzee akaanza kucheka. Alianza chini kabisa, kama asiyetaka, halafu kicheko kikamshinda, kikapanda kwa mafungu mafungu, na mwishoni kikakatika kwa kishindo kidogo puani.

Esta akageuka akamtazama Lutengano. Kicheko kile alikuwa anakijua. Alikuwa amekipenda tangu siku ya kwanza, kabla hata hajajua jina la mwenyewe.